Mungu Ndani ya Bizimungu: Asili, Maana na Mtawanyiko wa Jina Moja la Kinyarwanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jina Bizimungu, mojawapo ya majina machache ya Kinyarwanda yanayobeba neno la Kiswahili Mungu mahali ambapo majina mengi ya jamii yake yana Imana. Yanadai kwamba uhaba wa jina hili hauashirii ukoo bali kipindi: ni alama ya miongo ambayo Wakatoliki wa Rwanda walifundishwa kumwita Muumba kwa neno lililotoka nje ya lugha yao. Kulihesabu kama jina la ukoo huzaa makosa, na katika eneo la Maziwa Makuu makosa ya namna hiyo yamegusa uraia, mahakama na utafutaji wa jamaa waliopotezana.

Utangulizi

Tarehe 19 Julai 1994 serikali mpya iliapishwa jijini Kigali. Rais alikuwa Pasteur Bizimungu na Waziri Mkuu alikuwa Faustin Twagiramungu. Siku hizohizo jeshi lililoshindwa lilikuwa limevuka mpaka kuingia Goma, nchini Zaire, na mkuu wake wa majeshi alikuwa Augustin Bizimungu. Katika serikali iliyokuwa imeanguka, Waziri wa Afya alikuwa Casimir Bizimungu. Mgeni aliyesoma magazeti ya wiki ile bila kuijua Rwanda angeweza kudhani kwamba anasoma habari za familia moja iliyogawanyika pande mbili za vita. Pengine angemwongeza Twagiramungu kuwa tawi la pembeni.

Hakuna ukoo wa Bizimungu. Watu hao hawakulipata jina lao kwa urithi, na majina ya baba zao yalikuwa mengine. Kinachowaunganisha kimo katika silabi mbili za mwisho, na silabi hizo ni neno la Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili huliona neno hilo mara moja, kisha aghalabu hulipita, kwa kuwa Mungu kwake ni neno la kila siku. Kwa Mnyarwanda wa leo anayesali kwa lugha yake, si la kila siku: katika misa, katika ibada na katika Biblia yeye husema Imana. Makala haya yanahusu namna neno hilo lilivyoingia katika jina, jinsi lilivyotoka katika sala, na yanayofuata pale wahesabuji na watunza kumbukumbu wanapolitazama jina hilo kwa macho ya nchi nyingine.

Jina lisilorithiwa

Katika Rwanda na Burundi mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Kwa desturi ya Rwanda, siku ya nane baada ya kuzaliwa hufanyika sherehe ya kwita izina. Watoto wa jirani hualikwa, hula pamoja, hutoa majina waliyoyabuni, na wazazi ndio hutoa jina litakalobaki. Jina hilo halimfuati baba wala babu. Ndugu watano wa baba na mama mmoja waweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi moja. Ubatizo huongeza jina la mtakatifu au la Biblia, ambalo katika nchi hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa. Hivyo mtu huwa na majina mawili, na hakuna kati yake lililo la ukoo.

Ukoo upo, lakini hauandikwi. Wasinga, Wazigaba, Wagesera, Wega, Wanyiginya na wengineo wanajulikana kwa jina la ubwoko wao, nao hurithi ubwoko huo kutoka kwa baba. Marcel d'Hertefelt, aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu koo za Rwanda ya kale mwaka 1971, alionyesha kwamba koo hizo zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Kwa hiyo kinachorithiwa hakionekani katika kitambulisho, na kinachoonekana katika kitambulisho hakirithiwi. Mtafiti anayekuja na zana za kuchunguza majina ya ukoo ya Ulaya, ambako jina adimu mara nyingi huweza kufuatiliwa hadi kijiji kimoja na pengine mzee mmoja, atakuta zana zake hazina cha kushika.

Majina mengi ya Kinyarwanda na Kirundi ni sentensi. Philippe Ntahombaye, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu majina ya Burundi, aliyachambua kama mazungumzo: mzazi humwambia jirani, mke mwenza, adui, mauti au Muumba jambo ambalo hangelitamka waziwazi, naye mtoto hulibeba jambo hilo maisha yake yote. Wazungumzaji wa Kiswahili hawatashangaa sana. Bara na pwani wapo akina Sikudhani, Sikujua, Shida na Tabu, na kanga zimekuwa zikisema kwa niaba ya wenye kuzivaa kwa zaidi ya karne moja. Tofauti ni ya kiwango tu. Jambo ambalo upande wa Waswahili hupatikana hapa na pale, nchini Rwanda na Burundi limekuwa ndiyo njia kuu ya kutoa majina.

Sarufi ya jina

Bizimungu lina sehemu tatu. Ya kwanza ni bi-, kiambishi cha ngeli ya nane, sawa na vi- ya Kiswahili, ambacho hapa husimama badala ya mambo yasiyotajwa. Ya pili ni -zi, kitenzi chenye maana ya kujua. Ya tatu ni Mungu. Kwa neno moja moja ni «hayo, ajuaye ni Mungu». Anayejifunza Kinyarwanda hukutana mapema na ndabizi, yaani «nayajua», ambamo bi- hukaa mahali pa yambwa kama ilivyo katika Kiswahili. Katika jina, bi- imepanda na kukaa mahali pa kiima, na mtendaji amerudishwa nyuma ya kitenzi. Kinyarwanda huruhusu mpinduko huo pale msemaji anapotaka uzito wote umwangukie mtendaji: ni Mungu, si mwingine, ayajuaye.

Kiswahili hakipindui yambwa hivyo, lakini kina mpinduko wa mahali: hapa pamelala wageni. Ngeli ya pa- ya Kiswahili ni ha- kwa Kinyarwanda, nayo ndiyo iliyozaa kundi kubwa la majina ya jamii hii. Habimana ni kusema kwamba Mungu yupo. Hakizimana ni kwamba aokoaye ni Mungu. Habyarimana ni kwamba azaaye ni Mungu, na Hategekimana ni kwamba atawalaye ni yeye. Pacha wa Bizimungu katika orodha hii ni Bizimana, jina lenye maana ileile na sarufi ileile, tofauti ikiwa neno la mwisho tu. Bizimana limeenea Rwanda na Burundi. Bizimungu ni chache zaidi.

Neno hilo la mwisho huacha alama hata kabla ya kufikiwa. Imana huanza kwa irabu, na irabu hiyo humeza ile inayotangulia: hakiza Imana huwa Hakizimana, nsenga Imana huwa Nsengimana, twagira Imana huwa Twagirimana. Mungu huanza kwa konsonanti, hivyo kitenzi hubaki na irabu yake: Hakizamungu, Nsengamungu, Twagiramungu. Karani asiyejua Kinyarwanda, akiwa na orodha ya majina mbele yake, anaweza kuyatenga makundi hayo mawili kwa kutazama tu kinachotangulia m.

Kwamba Mungu hapa ni mkopo hakuhitaji kutegemea historia peke yake. Neno hili lina ndugu wengi Afrika ya Mashariki na ya Kati, na ndugu hao wana konsonanti katikati: Mulungu katika lugha kadhaa za Tanzania na Malawi, Murungu kwa Wameru wa Kenya. Kiswahili ndicho kilichoidondosha. Maandishi ya karne ya kumi na tisa, zama za Krapf na Steere, bado yanaandika Muungu, kwa irabu mbili, kana kwamba nafasi ya konsonanti iliyopotea haijafunikwa bado. Kinyarwanda hakidondoshi konsonanti hiyo; huitamka r. Kuzaa kwa Kinyarwanda ni kubyara, mvua ni imvura, njaa ni inzara. Kama neno hili lingekuwa urithi wa Kinyarwanda kutoka kwa mababu wa Kibantu, lingetarajiwa kuwa na r ndani yake. Halina. Limekuja likiwa limekwisha kupoteza konsonanti yake, na lugha iliyokuwa imeipoteza ndiyo iliyolileta.

Neno lililokuja na misheni

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifika katika ikulu ya Mwami Yuhi V Musinga mwezi Februari 1900 wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth. Walianzisha misheni ya Save mwezi huohuo. Zaza ilifuata mwaka uleule, Nyundo mwaka 1901, Rwaza na Mibirizi mwaka 1903. Walitoka kusini mwa Ziwa Viktoria wakiwa na makatekista wa Kiganda, na waliingia katika nchi iliyokuwa sehemu ya himaya ya Wajerumani, ambayo makarani na askari wake walitumia Kiswahili.

Kuwapo kwa Kiswahili hakutoshi kueleza kwa nini Muumba mwenyewe aitwe kwa Kiswahili. Nchini Uganda shirika hilohilo lilimwita Katonda, neno la Waganda. Nchini Rwanda lilikuwapo Imana, na kila mtu alilijua. Tatizo kwa wamisionari ni kwamba Imana lilikuwa na kazi nyingi mno. Lilimtaja Muumba, lakini pia lilitaja bahati njema, na katika uaguzi lilitaja hata mnyama au kifaranga ambaye matumbo yake yametoa jibu zuri. Walihofu kwamba mkatekumeni angesikia mambo yote hayo kwa pamoja, hivyo wakachukua neno lisilo na historia masikioni mwa Wanyarwanda. Kwa hoja hiyo ugeni wa Mungu ulikuwa ndio ubora wake.

Waprotestanti walichagua njia nyingine. Wajerumani wa Bethel walioingia mwaka 1907, na baadaye Waanglikana waliojikita Gahini kuanzia mwaka 1925, walitumia Imana, na Biblia yao ya Kinyarwanda ina Imana tangu ukurasa wa kwanza. Kwa miongo kadhaa nchi moja yenye lugha moja ilimwita Mungu kwa majina mawili kulingana na mlango wa kanisa ambao mtu aliingilia.

Ukubwa wa jambo hili unategemea idadi ya waumini. Katika miaka ya 1930, hasa baada ya Wabelgiji kumwondoa Musinga mwezi Novemba 1931 na kumweka mwanawe Mutara III Rudahigwa, watu waliingia Ukatoliki kwa makundi ambayo misheni zilishindwa kuyafundisha kwa wakati. Mwami mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Kizazi cha wazazi wa miaka ya 1940 ndicho cha kwanza kilichokuwa na Wakatoliki wengi waliokulia katika katekisimu yenye Mungu. Kizazi hicho kilipokaa siku ya nane kumpa mtoto jina, kilikuwa na maneno mawili mdomoni.

Hapa tarehe za kuzaliwa za watu wanne waliotajwa mwanzoni zinaanza kusema. Faustin Twagiramungu alizaliwa mwaka 1945, Pasteur Bizimungu mwaka 1950, Casimir Bizimungu mwaka 1951 na Augustin Bizimungu mwaka 1952. Wanne hao wanaingia katika muda wa miaka saba. Wanatoka pande zilizo mbali mbali: Twagiramungu Cyangugu, kusini magharibi, Pasteur Bizimungu Gisenyi, kaskazini magharibi, Casimir Bizimungu Ruhengeri, kaskazini, Augustin Bizimungu Byumba, kaskazini mashariki. Watu wanne hawatoshi kuwa sampuli, na umashuhuri wao unatokana na kuwa rika lililoshika madaraka mwaka 1994. Hata hivyo sura wanayoitoa ndiyo hasa ambayo historia ya neno ingemfanya mtu aitarajie: jina limetawanyika katika nchi na kukusanyika katika wakati. Jina la ukoo hufanya kinyume chake. Hukusanyika mahali na kutawanyika katika vizazi.

Kilichobaki na kilichoondoka

Kanisa Katoliki la Rwanda liliiacha Mungu na kuichukua Imana. Vitabu vya misa vya Kinyarwanda vilivyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na Biblia ya Kikatoliki ya Kinyarwanda, vinatumia Imana. Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba mawazo ya Wanyarwanda kuhusu uwapo na kuhusu Muumba yalikuwa na uzito wa kutosha kubeba teolojia. Katika hali hiyo ya mawazo, kumwita Mungu kwa neno la kigeni kulianza kuonekana kama kumnyang'anya Mnyarwanda kitu kilichokuwa chake.

Usafishaji huo haukukamilika. Mkatoliki wa Rwanda anapofanya ishara ya msalaba humtaja Imana Baba na Mwana na Roho Mutagatifu. Roho ni Kiswahili, na mutagatifu si mgeni kwa anayejua mtakatifu. Waprotestanti husema Umwuka Wera. Malayika na shitani nao wamebaki. Mungu pekee ndiye aliyeondolewa, na alipoondoka kwenye altare alibaki kwenye majina ya watu waliokwisha kubatizwa, kwa sababu jina la mtu halifuati marekebisho ya liturujia.

Sarufi ina jambo lake la kuongeza. Baadhi ya majina ya jamii hii hayamtaji Muumba kwa nomino bali kwa kiwakilishi. Niyonzima ni «ndiye aliye hai». Nsengiyumva ni «namwomba yule asikiaye». Ndayishimiye, jina la rais wa sasa wa Burundi, ni la mtu anayetoa shukrani kwake. Viwakilishi ndani ya majina hayo, yo, iy- na -yi-, ni vya ngeli ya tisa, ngeli ya Imana. Mungu, likiwa katika ngeli ya kwanza, lingehitaji viwakilishi vingine. Ina maana kwamba pale jina lilipotamkwa wazi, mzazi Mkatoliki aliweza kusema Mungu. Pale lilipofichwa, lugha iliendelea kumfikiria Imana. Katekisimu ilibadili nomino bila kuifikia ngeli. Kwa mwanahistoria wa dini huo ni ushahidi ambao pengine una thamani kuliko barua nyingi za maaskofu.

Majirani wenye Mungu majinani

Rwanda haiko peke yake. Katika Nile Magharibi ya Uganda, na ng'ambo ya mpaka katika Ituri, wamo Walugbara waitwao Mungufeni, jina linalosema kwamba Mungu ametoa, na Waalur waitwao Mungujakisa, yaani Mungu mwenye huruma. Upande wa Kivu ya Kusini, Washi wana Munguakonkwa, jina la kumshukuru Mungu. Neno ni lilelile la Kiswahili, na vitenzi vinavyoliandama ni vya lugha tatu zisizo za familia moja: Kilugbara si cha Kibantu, Kialur ni cha Kinailoti, Mashi ni cha Kibantu. Kuna kila sababu ya kuyachunguza majina haya pamoja, kama ramani ya njia ambazo Kiswahili cha misheni kilipita, ikiwa ni pamoja na mahali ambapo Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha ya nyumbani.

Ulinganisho huo unaonyesha kitu kingine. Kwa Walugbara neno Mungu lilibaki katika sala, na majina yenye Mungu yaliendelea kuwa na chemchemi ya kutokea. Rwanda chemchemi hiyo ilikauka. Kwa hiyo Mungufeni ni jina la umri wowote, ilhali Bizimungu, katika nchi yake, linatarajiwa kuelemea kwa watu waliozaliwa kabla ya kubadilishwa kwa neno, na kwa wachache wa baadaye waliolichukua kwa ajili ya jamaa au kwa kulipenda tu.

Upande wa Kongo historia ilichukua mkondo mwingine. Kati ya mwaka 1937 na 1955 Wabelgiji waliwahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kwenda Masisi na maeneo ya jirani huko Kivu ya Kaskazini ili wafanye kazi katika mashamba na kupunguza msongamano nchini mwao. Waliondoka na majina yao, yakiwemo yenye Mungu, katika miaka ileile ambayo majina hayo yalikuwa yakitolewa. Mwaka 1972 sera ya uhalisia ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo yenye asili ya Ulaya. Casimir na Faustin wa Zaire walilazimika kuyaacha majina yao. Jina kama Bizimungu lilibaki salama kwa kuwa lilikuwa la Kiafrika, ingawa kati ya majina mawili ya mtu huyo hilo ndilo lililokuwa limebeba kazi ya misheni kwa uzito zaidi. Watekelezaji wa sera hawakuliona hilo, na si ajabu: walikuwa wakitafuta Ulaya katika herufi, si katika katekisimu.

Usalama huo haukudumu. Sheria ya Januari 1972 ilikuwa imewapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wameishi Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya Juni 1981 iliufuta, ikadai mtu aonyeshe mababu waliokuwa nchini mwaka 1885. Katika vijiji na ofisi ambako hapakuwa na hati za mwaka 1885, jina ndilo lililosomwa badala ya hati. Jina la Kinyarwanda likawa ushahidi wa ugeni, hata kwa mtu ambaye babu yake alizaliwa Rutshuru, eneo lililokuwa na wazungumzaji wa Kinyarwanda kabla ya mpaka wa kikoloni kuchorwa. Sheria ya Novemba 2004 ilirudisha kipimo kwenye makabila yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru, lakini mazoea ya kusoma uraia katika jina hayakufutwa na sheria hiyo.

Kisanduku cha jina la ukoo

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwahi kuwa na Bizimungu wawili mbele yake kwa wakati mmoja. Augustin Bizimungu alihukumiwa mwezi Mei 2011 kifungo cha miaka 30, na rufaa yake haikubadili adhabu hiyo. Casimir Bizimungu aliachiwa huru mwezi Septemba mwaka huohuo, zaidi ya miaka kumi na miwili tangu akamatwe. Huyu wa tatu, Pasteur, alikuwa amejiuzulu urais mwezi Machi 2000, akafungwa, kisha akasamehewa mwaka 2007. Hati za mashtaka za Arusha zilitaja mwaka na mahali pa kuzaliwa kwa kila mshtakiwa. Anayetafuta leo katika kumbukumbu za kielektroniki kwa neno Bizimungu peke yake huchanganya aliyehukumiwa, aliyeachiwa huru na aliyekuwa rais. Pale mashine inapopanga watu kwa «jina la ukoo», kosa hilo halionekani kuwa kosa. Huonekana kuwa familia.

Kwa upande wa pili, watu walio familia moja hawaonekani kabisa. Baada ya mwaka 1994 mashirika yaliyosajili watoto waliopotezana na wazazi wao nchini Rwanda na katika kambi za Zaire na Tanzania hayakuweza kutegemea jina la mtoto. Halikufanana na la baba, la mama wala la kaka. Ilibidi kuuliza majina ya wazazi wote wawili, majina ya ndugu mmoja mmoja, na jina la kilima walikotoka. Mtoto mdogo aliyejua jina lake tu alikuwa na jina linalomweleza Muumba wake na kumficha mzazi wake.

Kitambulisho cha taifa cha Rwanda kina mstari mmoja ulioandikwa Amazina, bila kutenganisha la ukoo na la ubatizo. Mpangilio huo unasema ukweli. Pasipoti, fomu za viza, akaunti za benki na mifumo ya shule ya nchi nyingi za jirani hudai visanduku viwili. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na kadiri taarifa za wananchi zinavyovuka mipaka ndivyo kisanduku cha «jina la ukoo» kinavyojazwa na kitu kisicho ukoo. Yako mambo mawili ambayo washauri wa sera wanaweza kuyapendekeza bila gharama kubwa. La kwanza ni fomu za pamoja kuwa na nafasi ya majina ya wazazi, na tafsiri ya Kiswahili ya kisanduku kile iwe «jina la pili» au «jina la asili», kwa kuwa neno «ukoo» humlazimisha Mrundi au Mnyarwanda kuandika uongo kwa nia njema. La pili ni kwamba mamlaka za vitambulisho zinaweza kutoa jedwali la majina kwa muongo wa kuzaliwa, bila kumtaja mtu yeyote. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, na sensa haiulizi maana za majina. Lakini rejista inayo majina yote na miaka yote. Safu mbili tu, moja ya majina yanayoishia -mungu na nyingine ya yanayoishia -mana, zingeonyesha mwaka kwa mwaka jinsi Wakatoliki wa Rwanda walivyobadili neno la sala, mkoa upi ulitangulia na upi ulichelewa. Hakuna kumbukumbu za misheni zitakazotoa jibu hilo kwa ukamilifu kama huo.

Jedwali hilo lingefaa kutolewa mapema, kwa sababu jina lenyewe limeanza kubadilika tabia. Huko Ubelgiji, Ufaransa na Kanada, ofisi za uzazi humwandikia mtoto jina la pili la baba. Nchini Rwanda kwenyewe wapo wazazi wanaofanya vivyo hivyo ili kupunguza maswali viwanja vya ndege. Wajukuu wa mtu aliyeitwa Bizimungu mwaka 1950, kwa sababu wazazi wake walikuwa na jambo walilomwachia Mungu peke yake alijue, sasa wanaitwa Bizimungu kwa sababu babu yao aliitwa hivyo. Wengi wao hawasemi Kinyarwanda, na hivyo bi- na -zi haziwaambii kitu. Neno la mwisho wanaweza kulitambua ikiwa wamewahi kusikia Kiswahili.